Chanjo isiyoogopa jua: dubu maji ana la kumwambia mfugaji

MFUGAJI wa kuku wa kienyeji anayetoka mjini na kichupa cha chanjo ya mdondo huwa amebeba vitu viwili: dawa aliyoilipia na wasiwasi ambao hakuulipia. Kichupa kimeviringishwa kwenye gazeti, pembeni yake kuna vipande vya barafu, na vyote vimetumbukizwa ndani ya chupa ya chai. Basi linaharibika njiani. Barafu inayeyuka. Jua la saa nane mchana linapiga bila huruma. Akifika nyumbani anachanja kuku wake kama alivyoelekezwa, na miezi miwili baadaye mdondo unapita kijijini na kufagia banda lote.

Hapo lawama huanza. Mfugaji anasema muuza duka amemuuzia maji. Muuza duka anasema mfugaji hajui kuchanja. Ofisa mifugo akiulizwa anasema wote wawili wana makosa. Ukweli ni kwamba hakuna anayeweza kuthibitisha lolote, kwa sababu chanjo iliyouawa na joto haina dalili. Maziwa yakichacha pua inajua. Mahindi yakiota ukungu jicho linaona. Chanjo ikiharibika, wa kwanza kutoa taarifa ni kuku aliyekufa. Chanjo nyingi za watoto zinazotolewa zahanati zina alama ndogo inayobadilika rangi zikipigwa na joto, lakini vichupa vya chanjo ya kuku vinavyouzwa madukani kwa kawaida havina. Kwa nini mfugaji hastahili alama hiyo ni swali ambalo watengenezaji wangepaswa kulijibu siku moja.

Kwa miaka mingi jibu la tatizo hili limekuwa moja: jokofu. Chanjo nyingi za mifugo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu zinapotoka kiwandani hadi zinapomwingia mnyama. Wataalamu huita safari hiyo mnyororo wa baridi. Kama ilivyo kwa mnyororo wowote, pete moja ikikatika yote imekatika. Kiwanda kina jenereta, na bohari ya mkoa ina jenereta. Duka la pembejeo kwenye senta ndogo lina jokofu moja ambalo humo humo mna soda za wateja, na umeme ukikatika usiku hakuna anayeamka kuangalia. Kutoka dukani hadi bandani hakuna jokofu kabisa. Kwa maneno mengine, mnyororo unakatikia pale pale ambapo mfugaji mdogo anaanzia.

Kwa hiyo badala ya kuendelea kuuliza tutapata wapi majokofu mengi zaidi, inafaa kuuliza swali jingine: je, ni lazima chanjo iogope joto?

Ili kulijibu, tuanze na yai. Ute wa yai bichi ni maji maji na unaona upande wa pili. Ukitiwa kwenye kikaango unakuwa mweupe na mgumu, na hata ukiuweka kwenye barafu mwaka mzima haurudi kuwa ute. Kilichotokea ni kwamba protini zilizomo, ambazo zilikuwa zimejikunja kwa mpangilio maalumu mithili ya uzi kwenye kibofya, zimefumuka kwa joto na kung'ang'aniana ovyo. Chanjo nayo ni kazi ya protini. Mwili wa kirusi kilichodhoofishwa umevikwa protini, na kinga ya kuku inajifunza kwa kuzitambua protini hizo zikiwa katika umbo lake. Zikifumuka, somo limepotea. Tofauti na yai ni kwamba ndani ya kichupa huoni kitu.

Sasa kuna mdudu mmoja anayelijua tatizo hili kuliko kiwanda chochote. Anaitwa dubu maji, au tadigredi kwa lugha ya wataalamu. Ana miguu minane, na wengi wao hawafikii urefu wa milimita moja, kwa hiyo bila darubini huwezi kumjua. Anaishi kwenye ule uoto laini wa kijani unaoshika juu ya mawe, magome ya miti na paa za nyumba wakati wa mvua. Mchungaji mmoja wa Ujerumani, Johann August Ephraim Goeze, ndiye aliyemweleza kwa maandishi mwaka 1773, na jina la dubu lilitokana na mwendo wake wa kujikokota.

Maisha ya mdudu huyu yana shida moja kubwa. Paa lililolowa leo, kesho limekauka. Hana mahali pa kukimbilia. Anachofanya ni kuvuta miguu yake ndani, kujikunyata kama kipipa kidogo, na kukauka karibu maji yote ya mwilini mwake. Hali chakula, hapumui, hafanyi lolote. Mvua ikirudi, hata baada ya miaka, anajinyoosha na kuendelea na safari. Mwaka 2007 watafiti waliwapeleka wakiwa wamekauka hadi anga za juu, nje ya chombo, na baadhi yao wakarudi hai. Habari hiyo ilisisimua magazeti mengi, ila kwa mfugaji haina faida. Yenye faida ni ile ya nini kinazuia protini zake zisifumuke anapokauka.

Mwaka 2012 watafiti wa Japani walifanya jaribio rahisi ambalo mama yeyote wa jikoni angelielewa. Walichukua maji maji ya miili ya dubu maji wakayachemsha. Protini nyingi ziliganda na kuzama chini, kama maziwa yaliyochacha yanavyokatika yakiwekwa motoni. Lakini zipo zilizobaki zimeyeyuka ndani ya maji kama vile hakuna kilichotokea. Protini hizo hazifanani na za wanyama wengine wanaojulikana. Hazina umbo moja la kudumu. Zinalegealegea kama uzi usiokunjwa. Pengine ndiyo maana joto haliziwezi, kwani kisichokunjwa hakifumuki.

Miaka mitano baadaye, 2017, kundi la watafiti wa Marekani likiongozwa na Thomas Boothby lilionyesha kuwa protini hizo si pambo. Dubu maji walipozuiwa kuzitengeneza, wengi zaidi walikufa walipokaushwa. Jeni zake zilipopandikizwa kwenye hamira na bakteria, viumbe hao waliweza kustahimili ukavu karibu mara mia zaidi. Na kimeng'enya kilichokaushwa pamoja na protini hizo kiliendelea kufanya kazi kilipotiwa maji tena. Mwaka 2023 Boothby na wenzake wakaonyesha jambo kama hilo kwa protini ya kugandisha damu ambayo wagonjwa wa hemofilia huihitaji, na ambayo kwa kawaida hutunzwa kwenye baridi. Ikiwa kavu, pamoja na protini ya dubu maji au sukari iitwayo trehalosi, ilivumilia joto na kukaa muda mrefu bila jokofu.

Zinafanyaje kazi? Wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaosema maji yanapoondoka protini hizo hugeuka kitu kigumu mfano wa kioo, na kila molekuli ikanaswa mahali pake isiweze kusogea wala kufumuka. Wengine, kutokana na tafiti za miaka ya karibuni, wanasema hujiunga kuwa nyuzi na kufanya utelezi mzito unaoishikilia seli isibomoke. Mfanyabiashara wa mayai hahitaji kusubiri mabishano hayo yaishe ili aelewe jambo la msingi. Mayai yakipangwa kwenye boksi tupu na kupakiwa kwenye gari la mnada, yanagongana na kupasuka. Yakipangwa ndani ya pumba za mpunga, kila yai limeshikwa peke yake, na barabara iwe mbovu namna gani yanafika. Protini ya dubu maji ni pumba ya mpunga kwa molekuli.

Lakini hapa kuna jambo ambalo masimulizi mengi kuhusu mdudu huyu hulificha, nalo ndilo la muhimu kuliko yote kwa mtu anayeuza au kununua chanjo. Dubu maji aliyelowa si shujaa. Watafiti wa Denmark waliwachukua kutoka kwenye mifereji ya paa, na mwaka 2020 wakatangaza matokeo. Walio katika hali ya kawaida, wakiwa na maji mwilini, nusu yao walikufa kwa kukaa saa 24 kwenye nyuzi joto 37.1. Hilo ni joto ambalo kuku analo ndani ya mwili wake na kulipita. Waliokaushwa walihitaji nyuzi 63.1 kwa muda huo huo, au nyuzi 82.7 kwa saa moja, ndipo nusu yao wafe. Mdudu ni yule yule, na kinachotofautiana ni maji. Kwa hiyo hata siku itakapopatikana chanjo iliyotiwa protini ya dubu maji, ikishachanganywa na maji itakuwa chanjo ya kawaida, na mfugaji atakayeichanganya asubuhi ili aitumie jioni atakuwa amerudi kwenye hasara ile ile.

Mkulima hapaswi kushangaa kwamba siri iko kwenye ukavu. Ndiye anayeanika mahindi hadi punje zilie zikigongana. Ndiye anayetia punje kwenye chupa na chumvi kavu, akatikisa, na akiona chumvi imeng'ang'ania kwenye chupa anarudisha mahindi juani. Punje ya mbegu iliyokaushwa vizuri hupita kiangazi chote kwenye ghala lenye bati la moto, na mvua ikija inaota. Ndani yake mna kiini kilicho hai, na kiini hicho nacho kina protini za kukilinda kinapokauka. Za namna hiyo ziligunduliwa kwanza kwenye mbegu za pamba huko Marekani, mapema miaka ya 1980, zikaonekana hujazwa mwishoni mwishoni mwa kukomaa kwa mbegu. Hakuna anayebeba mbegu ya mahindi kwenye barafu. Chanjo inabebwa kwenye barafu kwa sababu tumezoea kuitengeneza hivyo, wala si kwa sababu asili imekataa njia nyingine.

Tena Afrika si mgeni katika elimu hii. Kwenye vijidimbwi vya juu ya miamba huko Nigeria na Uganda kuna funza wa kijidudu kama mbu ambaye dimbwi likikauka naye hukauka, na amewahi kufufuka baada ya miaka 17. Yeye hujijaza trehalosi, ile ile sukari iliyotajwa. Karibu na mwaka 2000, katika maabara ya Debre Zeit nchini Ethiopia, wataalamu walikausha chanjo ya sotoka ya ng'ombe na ile ya mbuzi na kondoo kwa kutumia trehalosi, na chanjo hiyo ya mbuzi na kondoo ikastahimili nyuzi joto 45 kwa siku 14 bila kupoteza nguvu nyingi. Nyuzi 45 ni joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani Dodoma au Garissa.

Anayetaka kujua kama jambo hili lina uzito au ni ndoto za maabara, aulize sotoka iliishaje. Ugonjwa huo uliingia upande huu wa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kumaliza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamasai na wafugaji wengine. Njaa iliyofuata haijasahaulika katika masimulizi yao. Chanjo nzuri ilipatikana Muguga, Kenya, kwa kazi ya Walter Plowright, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikinga ng'ombe maisha yake yote. Tatizo lake lilikuwa moja: barafu. Kila ugonjwa ulipokaribia kuisha ulijificha mahali ambapo barafu haifiki, Sudan Kusini, mipaka ya Ethiopia na Somalia, kisha ukarudi. Karibu na mwaka 1990 Jeffrey Mariner na wenzake wakatengeneza chanjo ile ile kwa ukaushaji bora zaidi, ikaweza kukaa porini hadi siku 30 bila barafu. Utaalamu ukapelekwa kwenye maabara za Afrika, Botswana ikiwa miongoni mwa za kwanza. Wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, wakaibeba kwa miguu na kwa punda. Mara ya mwisho sotoka kuonekana ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru. Kirusi cha ndani ya kichupa kilikuwa kile kile cha Plowright. Ukaushaji ndio uliobadilika, na mtu aliyeibeba.

Pamoja na hayo, wapo watakaosema kuwa mdondo una chanjo ya namna hiyo tayari na bado kuku wanakufa. Ni kweli, na hoja hiyo isipuuzwe. Chanjo ya I-2 ilitokana na kazi ya Peter Spradbrow wa Australia, na mbegu yake ilitolewa kwa nchi zinazoendelea bila malipo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitengeneza, katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam. Ikiwa imekaushwa na kuwekwa gizani inaweza kukaa wiki nane kwenye nyuzi 28. Tone moja jichoni, kwa kuku wa umri wowote, na kurudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Kama dawa ipo, kasoro iko wapi?

Kasoro ni ya biashara. Kichupa kina dozi za mamia ya kuku, na mama mwenye kuku 12 hawezi kununua kichupa kizima peke yake kila baada ya miezi mitatu. Asipopatikana mtu wa kukusanya majirani siku moja, kichupa hakinunuliwi, na muuza duka akiona hakinunuliwi haagizi kingine. Chanjo isiyoogopa joto inaondoa kikwazo cha barafu. Kikwazo cha kichupa kikubwa haikiondoi. Vijiji ambavyo vina mchanjaji wake mwenye kalenda, anayepita nyumba kwa nyumba na kulipwa kwa kila kuku, vimepata faida. Vingine vinasubiri semina.

Kuna kasoro ya pili ambayo haizungumzwi sana. Mtengenezaji mkubwa wa chanjo huuza zaidi kwa mashamba makubwa ya kuku, na mashamba hayo yana majokofu. Kwa mteja huyo, chanjo inayovumilia joto haiongezi kitu. Anayeihitaji ni mnunuzi wa mwisho wa barabara, ambaye ananunua kidogo na kwa nadra. Kwa hesabu ya kiwanda, utafiti kwa ajili yake ni hasara. Ndiyo maana chanjo ya sotoka isiyohitaji barafu ilitokana na fedha za umma za Marekani, na I-2 ikatokana na fedha za umma za Australia. Anayesubiri soko lilete protini ya dubu maji hadi duka la Kibaigwa atasubiri sana. Na ikija kwa njia ya soko peke yake, itakuja na hataza na bei ya hemofilia, si bei ya kuku.

Wakati huo huo ieleweke kwamba hakuna chanjo ya mifugo iliyoko dukani leo yenye protini ya mdudu huyu. Atakayetokea mnadani na unga wa dubu maji wa kukinga kuku ni tapeli.

Matumaini ya kweli, kama yapo, hayako kwenye mdondo. Kwa chanjo za virusi, sukari za bei nafuu zimekwisha kuonyesha uwezo, na busara ni kuzitumia hizo kwanza. Sotoka ya mbuzi na kondoo ndiyo ya kuanzia: iliingia Kenya mwaka 2006 na ikathibitishwa Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2015 mataifa yaliweka lengo la kuitokomeza ifikapo 2030. Maabara za kutengeneza chanjo zipo, Kibaha kwa Tanzania na nyingine Kenya na Ethiopia. Zikipewa fedha za kuhakikisha kila chanjo ya mbuzi inayotoka inavumilia joto, na kila kichupa kina alama ya kubadilika rangi, mfugaji wa Longido au Turkana atajua anachonunua.

Protini ya dubu maji iko mahali pake penye ndigana kali. Chanjo ya ugonjwa huo, iliyobuniwa Muguga miaka ya 1970, si kirusi. Ni vimelea hai vizima, na hadi leo vinatunzwa ndani ya nitrojeni ya maji kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi wake unahitaji kujazwa mara kwa mara, na vikishayeyushwa vina saa chache tu. Mrija mmoja kwa desturi hutosha ng'ombe wapatao 40, kwa hiyo mwenye ng'ombe watatu lazima atafute wenzake wa kuchangia siku hiyo hiyo, la sivyo mchanjaji haji. Sukari peke yake haijawezesha chembe hai kama hizo kukauka na kuamka. Protini zilizoifanya hamira iamke ndizo zenye nafasi ya kujaribiwa, na ng'ombe wanaokufa kwa ndigana kali ni wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Hakuna Mdenmaki wala Mjapani mwenye sababu ya kufanya jaribio hilo kabla yetu. Dubu maji wenyewe wako kwenye paa za nyumba zetu, na mvua za vuli zikianza wataamka bila kumuuliza mtu.